Mama Aline na Kibanda cha Mbuzi

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha kikundi cha Nengo, uwanja wa kanisa. Kimechelewa kuanza, kama kawaida. Wanawake ishirini na wawili, na kila mmoja ana neno la kuniambia mimi peke yangu, kana kwamba afisa mikopo ana masikio kumi. Jua limenichoma shingo. Miguu inawaka.

Jambo zuri moja. Mama Aline, mwenyekiti wao, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alinivuta pembeni. Jumamosi ya tarehe kumi na sita wakwe wanatoka Rugerero kuja kumwomba binti yake. Gusaba, kama wanavyoiita huku. Anataka nikae upande wa familia, mstari wa mbele. Nilifurahi utadhani ninaolewa mimi.

Jioni ofisini, bango limefika kutoka kwa wachapaji. Furaha ikaishia hapo.

Picha mbili za Mama Aline, kubwa kuliko mlango. Kushoto, "Zamani": miguu mitupu, kitenge kilichopauka, amekaa mbele ya kibanda cha udongo. Kulia, "Sasa": kitenge kipya, beseni la samaki, tabasamu. Picha zote mbili nilizipiga mimi, asubuhi moja, zikipishana nusu saa. Kibanda ni cha mbuzi wa jirani.

Direkta Fidele ndiye aliyetaka iwe hivyo, lakini aliyemkalisha pale ni mimi. Nilimwambia ni ya ripoti ya wafadhili tu, hakuna mtu wa hapa atakayeiona.

Jumatano, 6 Agosti

Wamelitundika. Ukutani mwa ofisi, ghorofa ya kwanza, linaitazama barabara. Ukishuka kwenye basi unakutana nalo uso kwa uso.

Nimeingia kwa Fidele. Nimesema vizuri, kwa adabu. Kasema wageni wa wafadhili wanafika Jumatatu ya tarehe kumi na nane, bango litakaa mpaka waondoke. Akaniuliza ripoti ya Julai iko wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Aline ameliona.

Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka sokoni, magamba bado mikononi. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Afadhali angetukana.

"Madamu, ulinambia ile foto itabaki mu ripoti. Leo iko ku barabara. Bakwe batashukia pale pale. Batasema mutoto ametoka mu nyumba ya mbuzi."

Nikaanza kujitetea. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema nyumba yake ya matofali aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, kabla hata hajalijua jina la ushirika wetu. Kweli. Sisi tulimkopesha friji. Friji moja. Na sasa tunajisifu barabarani kwamba tulimtoa kwenye udongo.

Nimeona aibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao cha wafanyakazi. Nimelileta suala la bango mbele ya wote. Fidele akatoa karatasi kwenye faili: idhini ya Mama Aline, na sahihi yake. Ya Kiingereza. Mama Aline hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nani alimpa karatasi ile akasema "weka sahihi hapa, ni kawaida tu"? Mimi.

Fidele si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha. Wageni wakiondoka bila kuridhika, fedha zinakatika, na watu kumi na mmoja tunarudi nyumbani. Ana watoto wanne. Mimi nina wawili na mama mgonjwa Kigoma. Wote tunajua, kwa hiyo wote tulitazama meza.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha Nengo kilikuwa kirefu leo. Wamenitania: "Madamu, na sisi utupige foto. Mbuzi iko wapi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Mama Aline aliendesha kikao kama kawaida. Hakunitazama hata mara moja. Hajaniambia nisije Jumamosi. Hajaniambia nije.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata wazo, na Fidele amekubali! Siwezi kuamini. Bango lifunikwe kwa turubai Jumamosi moja tu, mpaka wakwe wapite. Kasema atampa mlinzi maagizo yeye mwenyewe. "Nimekuahidi, dada."

Kesho ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, ofisi imefungwa. Nimemtumia ujumbe Mama Aline kwamba limeshughulikiwa. Amejibu "Sawa." Neno hilo moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa mbili asubuhi nilipita pale. Bango liko wazi. Limefutwa hata vumbi, kwa ajili ya wageni.

Mlinzi hajaambiwa kitu. Simu ya Fidele imezimwa. Nikamsihi mlinzi anipe ngazi. "Madamu, mi nitafukuzwa." Anasema kweli, atafukuzwa. Nilisimama pale chini na gauni langu la sherehe, nikiutazama uso wa Mama Aline mkubwa vile, mpaka basi la Rugerero likaingia. Nikaondoka kama mwizi.

Gusaba inavyokwenda, wasemaji wa pande mbili wanataniana. Upande wa binti unajifanya hauna binti, upande wa kijana unajifanya umepotea njia. Ni desturi. Utani wowote unaruhusiwa, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Msemaji wao ni mzee mwenye kofia, mdomo umechongoka. Kasema:

"Tulipotea kweli. Kule barabarani tulionyeshwa picha ya mama wa binti, tukaanza kutafuta kibanda cha udongo. Kumbe mmehamia jumba la majirani?"

Watu walicheka. Kwao ulikuwa utani tu. Mama Aline alicheka kwa mdomo, mikono ikiwa imeshikana mapajani. Aline aliinamisha kichwa. Msemaji wetu hakuwa anasikiliza. Alikuwa anapekua karatasi zake.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Pale mwanamke hasemi, sembuse mgeni mwenye Kiswahili cha Kigoma.

"Mzee, kile kibanda ni cha mbuzi. Huyu mama hajawahi kulala humo. Mimi ndiye niliyemkalisha pale nikampiga picha, kwa sababu ya kazi yangu. Nyumba hii mliyomo aliijenga kabla hatujamfahamu."

Mtoto wa mtu alikuwa anavuta Fanta kwa mrija, sauti ilisikika kote.

Mzee akavua kofia. Kasema wao walitania picha, hawakujua kuna mtu ndani yake, na kwamba wanaomba radhi kwa mama. Kisha wakaendelea na habari za ng'ombe wa mahari, na mambo yakaisha vizuri. Aline amepewa. Mama Aline aliniletea sahani kwa mkono wake, akaiweka, akaenda.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilijua Fidele atakuwa amesikia. Amesikia. Kasema tutaongea baadaye.

Wageni walisimama chini ya bango, wakalisifu, wakaomba kumwona mama mwenyewe. Fidele aliniambia nikamlete Mama Aline. Nikakataa. Ndiyo mara ya kwanza nimekataa kitu kwa sauti katika ofisi ile.

Akaingia jikoni, akatoka na Mama Claude anayetusafishia ofisi. Amemvisha kitenge cha katibu. Wageni wakampa mkono mmoja mmoja, wakampongeza kwa safari yake, wakapiga naye picha, bango likiwa nyuma yao. Mama Claude ni mwembamba, mweusi zaidi, mkubwa kwa miaka kumi. Hakuna aliyeona tofauti.

Na mimi nilikuwa pale. Sikusema. Mbele ya wakwe nilipata mdomo, mbele ya mshahara ukapotea. Najichukia leo.

Jumanne, 19 Agosti

Nengo. Mawingu, upepo kidogo kutoka ziwani.

Mama Aline amekabidhi uenyekiti, kisha akaja mezani kwangu. "Mi sina deni yenu, Madamu. Mutoe jina yangu."

Fomu ya kujitoa ina sababu tatu za kuchagua: amehama, amefariki, ameshindwa kulipa. Nilizisoma zote. Alisubiri, hakuwa na haraka. Sikutia alama popote. Chini, penye nafasi, nimeandika kwa mkono: "Tulimtangaza maskini, na hakuwa." Nikaweka jina langu, na sahihi.

Nikampa nakala yake. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi. Kasema Aline ananisalimia. Kisha akachukua beseni lake, kwa sababu sambaza haisubiri.

Nakala ya Fidele, yenye maneno yale, ninayo kwenye mkoba. Nitampelekea kesho asubuhi.