Neno Langu Moja la Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepigwa marufuku kuongea. Mimi! Nyumbani kwa mwanangu niliyemzaa na kumfuta kamasi.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, karudi kutoka kikao cha wazazi na uso wa hakimu. Mwalimu kamwambia kwamba mtoto wao anachanganya lugha, na Kiswahili cha nyumbani ndicho kinachomharibia Kiingereza. Ijumaa ya wiki ijayo anapelekwa kwenye usaili wa ile shule kubwa. Mpaka hapo, humu ndani ni Kiingereza tu. Nikauliza, na asiyekijua je? Mkwe kamtazama mwanangu. Mwanangu kaitazama simu.

"Mama, wewe pumzika tu," akasema mkwe. "Si kwa ubaya."

Nipumzishe mdomo. Haya.

Herufi nilizijua kwa kushona magunia yenye maandishi kwenye kinu cha unga, hakuna mwalimu aliyekula ada yangu. Kwa hiyo naandika. Mdomo wameufunga, mkono hawakuukumbuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsuka mjukuu bila neno. Huyu tunamwita Chiriku, maana tangu aote meno hajanyamaza. Ana miaka sita. Kaniuliza kwa nini mvua inanukia kabla haijafika. Kaniuliza kama marehemu babu yake alikuwa anakoroma. Swali zuri hilo, na jibu ninalo, refu! Nikaweka kidole mdomoni. Akadhani ni mchezo, akacheka. Nilipoweka tena, akacheka kidogo. Mara ya mwisho hakucheka.

Jioni nikapata ujanja. Sheria inakataza kuongea na mtoto — sufuria haikutajwa. Nikaigeukia sufuria, nikaiambia kwamba babu yake mtu fulani alikuwa akikoroma mpaka paka wa mtaa wanahama. Chiriku kajigaragaza sakafuni kwa kicheko. Mara mkwe huyo mlangoni, viatu vya kazini mkononi.

Sheria imeongezwa kifungu. Na sufuria pia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata leseni!

Chiriku kaleta kazi ya shule. Neno ni hamful, maana yake kitu chenye kudhuru, atunge sentensi nalo. Akaamua kunifundisha. Mimi nakata vitunguu, yeye kasimama juu ya kiti kama waziri. Nikaanza, "Kisu iz hamful." Akakataa, kisu si Kiingereza, ni naif. Haya, "Naif iz hamful." Akanipigia makofi. Sentensi kamili, hakuna askari wa kunikamata.

Kumbe neno lenyewe linatosha nyumba nzima. Pasi ya moto, hamful. Sakafu yenye maji, hamful. Mwanangu kajilaza kwenye kochi, simu imegandana na uso, nikamsonta kidole: "Foni iz hamful." Mkwe kageukia ukuta ili nisimwone anacheka. Nikaona mabega yanavyotikisika.

Jumapili, 9 Machi

Nimekatazwa kulitumia neno langu kwa wageni. Shangazi yake mkwe alikuja, akawa anamimina sukari kwenye chai kama anayepanda mbegu. Nikamwambia. Sentensi ilikuwa sahihi, kila neno mahali pake! Nimeambiwa usahihi hautoshi, Kiingereza kina adabu zake. Hata Kiswahili kinazo, ila mimi hazijanipata kokote.

Kilichonikaa rohoni ni kingine. Chiriku hakucheka. Shangazi kamuuliza anataka zawadi gani, akainua mabega. Mwanangu kamuuliza kama anaumwa, akainua mabega tena. Ukiondoa hilo neno la shule, halimtoki lingine. Kiingereza chake sasa kinalingana na changu.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu kapiga simu. Mtoto haongei darasani. Kiingereza hapana, Kiswahili hapana. Anaandika vizuri tu, ila mdomo kaushona. Mwalimu akauliza, nyumbani huwa anaongea na nani? Mkwe akajibu mbio: na sisi, Kiingereza tupu.

Na sisi! Yeye akitoka huko duka la dawa mtoto ameshakula. Mwanangu na hizo lifti za watu anazotengeneza, akifika mtoto amelala. Mtoto alikuwa akiongea na mimi. Wengine walikuwa wanasikia mabaki.

Neno lilinifika kwenye meno, nikamfuata jikoni nimtupie. Nikamkuta mkwe kainamia sinki, bomba liko wazi, haoshi kitu. Akaongea bila kugeuka. Kwa Kiswahili, sheria yake mwenyewe kaikanyaga.

"Walinicheka, Mama. Kwenye usaili wa umeneja. Dawa zote nazijua, ulimi ukanisaliti. Huyu sitaki achekwe na mtu."

Nikafunga bomba. Nikamshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akaniachia uzito wote. Lile neno langu nikalimeza na miiba yake. Aliyekwisha kupigwa hapigwi tena.

Lakini sheria haikufutwa. Mpaka Ijumaa, kasema.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hiyo shule. Sakafu inang'aa mpaka naona tundu la soksi yangu. Chiriku aligoma kutoka nyumbani bila kunishika mkono, basi nikapakiwa na mimi, kwa masharti ya kimya.

Ameingia, ametoka. Mwalimu mkuu alimwonyesha picha — moto, chupa ya dawa, waya wa umeme — akamwomba sentensi moja. Kwa neno lilelile! Mlango haukufungwa vizuri, nusura nijibu mimi. Mtoto kimya. Mkuu ni mama mpole, kasema apumzike hapa nje, kisha watajaribu mara ya mwisho.

Mkwe kampigia magoti mwanawe. Anamnong'oneza Kiingereza, plizi, plizi. Chiriku anamtazama kama mtu anavyotazama redio. Halafu kanigeukia mimi. Sauti ileile ya zamani!

"Bibi, nikijibu watanichukua. Wakinichukua, ndiyo hutaongea na mimi tena?"

Kumbe. Sisi tunadhani neno limempotea, kumbe kalikalia.

Mkwe amesikia. Ananitazama, macho yananisihi nijibu. Mkono wa kushoto nimemshika mtoto, nambana vidole ajue nipo. Mdomo sifungui. Sheria si yangu. Aliyefunga mlango ndiye mwenye ufunguo.

Wanaita jina lake la shule. Mkuu amesimama mlangoni, anangoja. Mkwe hajainuka. Yuko palepale magotini, mashavu ya mwanawe yako viganjani mwake. Anavuta pumzi. Anafungua mdomo, na mimi nasimamisha kalamu nisikie ni kwa lugha gani —