Bibi yake Hamisi

Ijumaa, Korogwe

Na bora umekwisha huu muhula. Mtihani wa mwisho tumefanya asubuhi, na mpaka chuo kifunguliwe sitaiona sura ya Hamisi.

Tulipangwa kundi moja, mimi na yeye, na kazi zote nimeandika peke yangu. Mwanzoni alifiwa na bibi yake huko Kang'ata. Tukampa pole, nikafanya sehemu yake. Wiki ya kuwasilisha akafiwa tena, safari hii bibi wa upande wa mama. Darasa zima likasimama kimya kwa ajili ya marehemu, na mimi nikakesha tena na sehemu yake, mgongo unauma mpaka… Basi tu.

Leo mchana nafunga sanduku, nikaitwa getini. Nikamkuta bibi mfupi na kikapu cha machungwa. Ametoka Kang'ata kumfuata mjukuu wake, Hamisi.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni bibi yake wa upande gani?"

"Marahaba. Bibi anaye mmoja tu, mwanangu, ndiye mimi. Nimemlea mwenyewe."

Hamisi akatokea. Aliponiona naye, akarudi nyuma hatua mbili. Mwongo yule, na woga juu!

Bibi akanijazia machungwa mikononi, akasema anamwomba Mungu amfikishe mahafali yetu mwakani.

"Utafika, bibi," nikamjibu, macho nimemkazia Hamisi.

Mtu kafa mara mbili ndani ya muhula mmoja na bado anabeba kikapu, mwaka mmoja utamshindaje?