Mateka wa Manyoya

Buffalo, Jumatatu 3 Februari 2025. Asubuhi theluji, upepo wa ziwani.

Maman, jambo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu inanichapa.

Darasani tunasoma jinsi Warusi walivyovuka bahari kujenga koloni Alaska, kabla haijawa ya Amerika. Nilitegemea habari za biashara na makanisa. Kumbe waliingia visiwani, wakakamata wanawake na watoto, wakawafungia, kisha wakawaambia waume zao: nendeni baharini mkawinde fisi-maji, mlete ngozi zenye manyoya, la sivyo hamtawaona tena. Maman, nimeshindwa kula.

Umesema Papa anapasuliwa moyo Ijumaa, kule Columbus anakoishi. Namwombea, lakini huko siendi. Wakati wa vita kule nyumbani aliwachimbia waasi dhahabu miaka miwili, kanisa letu zima linajua. Usinisukume.

Binti yako, Nzigire

Louisville, 5 Februari. Mvua.

Mwanangu, habari ya huko? Huku Beechmont tuko wazima, mdogo wako Aksanti anakusalimu kwa Kiingereza chake.

Barua yako niliisoma kwenye simu ndani ya basi nikienda kazini, nikapitiliza kituo changu mpaka Iroquois. Donc, kumbe hata kule kwenye barafu walifanya hivyo?

Nzigire, sisi ndio tulikuwa wanawake hao. Waasi walitufungia katika shule iliyo juu ya mgodi, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Kila Jumamosi Papa yako alileta dhahabu, akatuona dirishani, akarudi shimoni. Waliotoroka, wake zao hatukuwaona tena.

Alinikataza kukuambia. Leo nimevunja katazo lake.

Maman yako

Columbus, Ijumaa 7 Februari. Asubuhi jua, baridi kali.

Maman, salamu. Nilikuja na basi la usiku, nikamkuta Papa kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji. Amekonda sana.

“Tiens, Profesa! Nani anakusomea Buffalo leo?”

“Nimetoroka, Papa.”

“Bon. Umekula?”

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, hata siku ile nilipomtukana mbele ya watu. Alivuta blanketi.

“Sikutaka ukue ukijua bei yako.”

Wakaja kumchukua. Nilifuata kitanda chake hadi mlangoni, nikasimama penye kioo kidogo cha mlango, ili akigeuka anione.

Aligeuka.

Saa saba mchana wameniambia ametoka, anapumua mwenyewe. Sasa ni saa mbili usiku, nalala hapa kwenye kiti, karibu naye.

Binti yenu, Nzigire