Bi Zulma Kwenye Kiti Changu

Barabara ya Kinu cha Mpunga,
Anse Cormier,
Louisiana.
Jumamosi, 15 Machi 1986.

Mpendwa mdogo wangu Lurline,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Garland na wanangu wote wawili. Mmeamkaje huko Alaska? Theluji imeanza kuyeyuka, au bado mnachimba njia kwa sepetu kila asubuhi? Na kile kifua cha mtoto kimepoa? Mpake mafuta ya kafuri umfunge flana, kama Mama alivyokuwa akitufanyia. Usiwaachie madaktari peke yao.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua nikisimama sana jikoni pale shuleni, lakini si la kunilaza. Baba ni mzima. Mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mvua zilikuwa nzuri mwaka huu. Mashamba ya mpunga yamejaa maji na kamba wa mtoni ni wengi, wanene kweli. Na kwa kuwa ni Kwaresima na Ijumaa hatuli nyama, mji mzima ukifika jioni uko mkahawani Kwa Hulin unamenya kamba. Meza ni zile zile, zinatandikwa magazeti, na kamba wanamwagwa katikati wakifuka moshi, pilipili mpaka pua inachuruzika.

Tangu Mama atutoke, miaka minne sasa, kila Ijumaa nampeleka Baba pale. Meza yetu ni ya dirishani, na kiti changu ni mkono wake wa kulia. Aliniambia vidole vimekakamaa na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo nammenyea mimi: mkia mmoja wake, mmoja wangu. Watu wote wananijua kwa hilo. Sina mume, Lurline, sina mtoto. Nina Ijumaa.

Jana saa kumi na moja nikaenda kumchukua. Nikamkuta amenyoa ndevu, amevaa lile shati la harusi yako. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, twende, tutachelewa. Tutachelewa nini, kwani kamba waliochemshwa wanakimbia?

Kuingia tu, namwona nani kwenye kiti changu? Bi Zulma! Yule mjane aliyetushonea magauni ya komunyo ya kwanza. Amekaa ametulia, mkoba wake mweusi ameuweka juu ya meza, ananitabasamia. "Karibu, mwanangu, kaa." Loo! Ananikaribisha kwenye meza yangu mwenyewe! Baba akanivutia kiti cha ng'ambo. "Kaa hapo, Elmire, tuonane vizuri." Nikakaa. Ningefanyaje, na watu wote wanatazama?

Kamba wakaja. Nikaanza kummenyea Baba kama siku zote, namrundikia mikia mbele yake. Hakuigusa. Mdogo wangu, mzee alichukua kamba mkubwa, akavunja kichwa, akabana mkia, nyama ikatoka nzima nzima, akaiweka kwenye sahani ya Bi Zulma. Akachukua wa pili. Wa tatu. Vidole vinakwenda mbio kama cherehani, na miwani hata hakuvaa! Miaka minne mimi naungua kucha kwa pilipili, kumbe mzee ana mikono yake kamili.

Na unajua hapa kwetu mwanamume akimmenyea mwanamke kamba mbele za watu maana yake nini. Kinachobaki ni padri kusoma tangazo la ndoa. Meza ya jirani wakaacha kumenya, wakageuka. Hulin mwenyewe akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, akapaza sauti: "Ovey! Vidole vimepona lini?"

"Leo hii hii!" Baba akamjibu, na mkahawa wote ukaangua kicheko. Bi Zulma alicheka mpaka akajifuta machozi, na alipokwisha kujifuta akala mkia mwingine.

Kisha akanionea huruma. Akachukua mikia mitatu kwenye sahani yake, akanisogezea. "Kula, mwanangu, yote hii siwezi kuimaliza." Mikia aliyoimenya Baba kwa mkono wake, nimeipata kwa hisani ya mshona nguo! Nikaila. Ilikuwa mitamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nina wivu, Lurline, sikufichi. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimwonea Mama uchungu, na ingesomeka vizuri. Lakini Mama alimenyewa miaka arobaini na minne, Mungu amrehemu, hana deni na mtu. Na wewe ulimenyewa. Usijifanye umesahau! Umeshafika miaka kumi na tisa, umeshachumbiwa, bado unakaa Kwa Hulin na mikono mapajani huku Baba anakurundikia. Mimi nilimsukumia sahani yangu mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, akaniambia, "Wewe mkubwa, unajua mwenyewe." Nina miaka arobaini na sita na bado nalisikia neno hilo. Baba amewamenyea wanawake watatu maishani mwake: Mama, wewe, na sasa Bi Zulma. Mimi sijawahi.

Kwenye pikapu, wakati wa kurudi, ndipo akayasema. Anataka kumwoa Bi Zulma, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Lakini mimi na wewe tukubali kwanza. Akikataa hata mmoja wetu, haoi, na hataliongelea tena. Unamjua Baba, akisema hivyo amesema.

Hilo nikaliweka kando. Nikamwuliza jambo langu. "Vidole vyako havijawahi kuuma, sivyo?"

"Havijawahi."

"Sasa mbona umeniacha nikumenyee miaka yote hii?"

Tukawa tunavuka daraja. "Mama yako alipokufa ulikuwa huli," akasema. "Lurline ameshaondoka, wewe unakuja kwangu unakaa unatazama ukuta. Nikakudanganya vidole vinauma. Ukaanza kumenya. Ukimenya unaonja, ukionja unaongea. Nikaona bora niendelee kuumwa."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia ungeacha."

Nikaendesha. Nililia kidogo, na tafadhali usimwambie mtu, hasa huyo Garland.

Lakini usidhani wivu umekwisha. Nikifumba macho nauona ule mkoba mweusi juu ya meza. Jana nilipofika nyumbani nilikaa nikakuandikia barua nyingine, kurasa mbili nzima. Nilikuambia Baba akili imeanza kumruka. Nilikuambia Bi Zulma anapenda kinywaji, na mwanamke yule hanywi hata divai ya padri. Nilijua hasira zako. Ungekataa palepale, kutoka huko mbali, na mimi ningebaki na Baba yangu na Ijumaa yangu, mikono misafi, mwenye ubaya ni wewe. Nimeichana asubuhi hii kabla ya kifungua kinywa. Hii unayoisoma ndiyo ya kweli.

Basi Baba anasubiri jibu lako, na najua kila akisikia gari la posta atatoka barazani. Langu nimempa leo. Nimekubali, kwa sharti moja: Bi Zulma anipishe kwenye kiti changu. Upande wa kushoto uko wazi na dirisha ni lile lile. Mkono wa kulia ni wangu. Baba akanivulia kofia. "Sawa, mama mkwe." Mzee hana adabu hata kidogo.

Mjomba Dolze anakusalimu, na mama yako wa ubatizo Eula anauliza kama ulipata ile chupa ya pilipili. Nisalimie Garland, na wabusu wanangu, kila mmoja mara mbili. Mungu awafunike na joto lake huko kwenye barafu, awaepushe na kila baya, na atujalie kuonana tukiwa na nguvu zetu.

Mwandikie Baba upesi, umwambie ndiyo, kisha panda ndege uje harusini. Ijumaa ya kabla ya harusi tutakwenda wote Kwa Hulin. Wewe utakaa ng'ambo, kwenye kiti nilichokaa mimi jana. Mikono usiiweke mapajani, hakuna atakayekumenyea. Wewe mkubwa sasa, unajua mwenyewe.

Wako akupendaye, hata nikikuonea wivu,

Dada yako,
Elmire