Roboti Aliyeondoka Mapema

Kuala Lumpur,
Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Bibi, na kwamba alizeti zimeshika vizuri msimu huu. Huku mvua inanyesha kila siku mchana mpaka naona uchungu. Ningeweza ningeikinga kwenye ndoo nikuletee huko nyumbani Sepuka. Mimi ni mzima wa afya. Kazi inaendelea vizuri.

Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tunaulizana habari, tunajibizana nzuri, halafu mtandao unakata. Barua hii anakuja nayo Rehema, yule dada wa Kintinku niliyesoma naye chuo huku. Anarudi nyumbani likizo na amesema atakufikishia mwenyewe mkononi. Mpikie mlenda, ameukosa sana.

Unajua ofisi yetu inatengeneza katuni. Mimi sichori, mimi ni karani: napanga maandishi ya kila kipindi na kuhakikisha kila mtu ana nakala sahihi. Kabla sijaajiriwa walitoa filamu ya hospitali moja ya mjini, na ndani yake alikuwemo roboti mdogo anayeitwa Lulo. Alikuwa toroli ya kubebea dawa wodini, wakamwekea mikono na macho, akaanza kuuguza wagonjwa. Alionekana kidogo tu, lakini watoto walimpenda kuliko daktari mwenyewe. Ndiyo maana sasa anatengenezewa mfululizo wake peke yake, na kila kipindi anatumwa nchi nyingine. Kimoja kimewekwa kwetu. Hawakuitaja Tanzania, ila nyumba ni za tembe, kuku wamejaa uani, na watu wanaongea Kiswahili. Kwa hiyo nikaambiwa nisome Kiswahili chake, nitie saini kwamba ni sahihi.

Mama, ngoja nikusimulie kilichomo. Lulo anaingia uani kwa bibi mmoja mwenye kidonda mguuni. Anamwuliza, "Habari yako, Bibi?" Bibi anajibu, "Nzuri." Basi taa ya kifuani kwa Lulo inawaka kijani, anageuza magurudumu, anaondoka zake. Huku nyuma bibi wa watu anajaribu kusimama, mguu unakataa, anaanguka puu katikati ya kuku, manyoya yanaruka. Hapo ndipo watoto wanatakiwa wacheke.

Nilikisoma mara tatu. Kwenye kikao cha Jumatatu nikanyoosha mkono, nikasema kwamba kwetu hakuna mtoto, hata awe wa chuma, anayemwambia bibi habari yako kabla ya shikamoo. Bwana Lim, msimamizi wa mfululizo, alifurahi sana. Huku tunaongea Kiingereza, nakutafsiria.

"Weka hiyo shikamoo," akasema. "Inapendeza masikioni. Sasa saini tuendelee."

"Siwezi kusaini, Bwana Lim."

"Kuna kosa lingine la lugha?"

"Hapana. Ila bibi hajamaliza kujibu."

"Ameulizwa hali, amesema nzuri."

"Hiyo ni salamu tu. Ugonjwa unakuja baadaye, mtu akikaa."

Jamaa mmoja anayerekodi sauti akaangua kicheko. "Kwa hiyo huko kwenu mgonjwa anabembelezwa kama bibi harusi?"

"Ndiyo," nikasema. "Na anapona."

Sijui nilitoa wapi jibu hilo, Mama. Nikawaeleza juu yako. Kwamba wewe hujawahi kumwuliza Bibi mguu wake kwa haraka. Unamsalimia, anasema nzuri, unavuta kigoda, unaanza kuchambua mboga karibu yake, mnaongelea mvua na jogoo wa jirani. Mboga zikikaribia kuisha, ndipo yeye mwenyewe anasogeza kanga na kusema, "Ila huu mguu, mwanangu." Nikawaambia roboti anayesifiwa kwa kujali wagonjwa, halafu anaondoka kwenye "nzuri", huyo bado ni toroli.

Farida, binti wa Kimalei anayemchora Lulo, akasogeza kiti chake mpaka mbele yangu. Akasema kwa matamshi yake, "Shikamoo, Bibi." Nikamwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." "Habari za hapa?" "Nzuri." Basi akakaa. Akavuta sahani ya biskuti akaanza kuzichambua kama mchicha, moja huku, nyingine kule. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Nikasema, "Ila huu mguu." Yule jamaa wa sauti akainama akaniangalia miguu kweli!

Bwana Lim peke yake hakuvutiwa. "Mtoto gani atamtazama roboti akichambua mboga? Atabadilisha stesheni."

"Basi sisi ndio tunaomfundisha mtoto kuondoka," nikamjibu.

Akafunga kompyuta yake. "Karani, Ijumaa asubuhi niletee hiyo karatasi ikiwa na saini. Na usisahau, mkataba wako mpya nao uko mezani kwangu."

Ijumaa ni kesho. Mkataba usiposainiwa, kibali changu cha kukaa huku kinaisha nao. Unanijua, mimi ni yule mtoto uliyekuwa unamsindikiza mpaka chooni kwa kuogopa jogoo. Nimejiambia ni saini tu, ni katuni tu, hakuna atakayejua. Halafu nawaona watoto wa Sepuka wamelundikana kwenye simu moja, wanamcheka bibi aliyeanguka kwa sababu alikuwa na adabu. Jina langu halitakaa chini ya kicheko hicho. Wamtafute mwingine wa kulitia lake.

Farida amenichorea picha: Lulo amekunja magurudumu, amekaa chini ya ukuta wa tembe, taa ya kifuani haijawaka rangi yoyote, anasubiri. Kesho nitaiweka hiyo mezani kwa Bwana Lim, pamoja na karatasi isiyo na saini. Akisema nirudi, nitarudi. Utapata mpalizi wa alizeti mwenye shahada.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie redio yake nitaipatia betri popote nitakapokuwa. Msalimie mama Jumanne jirani yetu na huyo jogoo wake, na mwalimu wangu wa darasa la nne aliyenifundisha kusoma mara tatu kabla ya kukubali. Bibi mpe shikamoo yangu kabla ya mtu yeyote. Rehema naye atamsalimia na atajibiwa nzuri. Usimwache aondoke hapo. Mpe kigoda na ungo wa mboga.

Nawe Mama, nilipoanza nilikuandikia kwamba ni mzima na kazi inaendelea vizuri. Kama bado umekaa, basi nikuambie: ninaogopa sana. Na sisaini.

Binti yako,
Zuhura