Nafasi ya Muhuri

Baba Pendo, shikamoo.

Najua huitikii. Nimezoea tu. Kila asubuhi nikifungua mlango wa ofisi ya klabu naanza na shikamoo, halafu nakumbuka kiti kile sasa nakikalia mimi.

Ndiyo, mimi ndiye kaimu katibu. Mwenyekiti alitimiza ahadi yake. Kocha uliyemtetea aliondoka, aliyemfuata naye ameshaondoka, na sasa mwenyekiti na mfadhili hawasalimiani. Kila mmoja ananitaka nimwandikie barua ya kumng'oa mwenzake. Wachezaji wanafanya mazoezi hawajui wamsikilize nani. Timu uliyoipandisha daraja inashuka, nami naiangalia.

Nakumbuka barua yangu ya kwanza kwa chama cha mpira cha mkoa. Niliimalizia "Wako mpendwa", ukacheka mpaka ukakohoa. Ukanirekebisha, ukatoa muhuri kwenye mfuko wa shati, ukaupulizia pumzi, ukaugonga. "Bila huu, mwanangu, hii ni karatasi tu." Ulitembea nao hata kanisani. Mama Pendo alilalamika kwamba kila shati lako lina doa la wino wa zambarau.

Ulipokwenda Chemba kumzika shemeji yako, uliniachia muhuri kwa mara ya kwanza. Uliuweka kwenye kiganja changu. Siku ileile mwenyekiti akaja. Alitaka kumfukuza kocha, nawe ulikuwa umemkatalia katakata mpaka kamati ikae. Akaniambia nina akili, na wewe ukiondoka ukatibu ni wangu. Nikachapa barua mbili za kufukuza, ya kocha na ya kwako. Yeye akasaini, mimi nikagonga muhuri. Kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Uliporudi uliikuta barua yako mezani. Uliisoma umesimama. Ulijua, maana muhuri ulikuwa kwangu, nani mwingine? Nikangoja unitukane. Bora ungenitukana. Ukaniangalia, ukauliza, "Umekula?" Ukachukua sweta lako, ukaenda zako nyumbani Ipagala kwa miguu. Wiki ya tatu nikapigiwa simu kwamba presha imekuondoa.

Makaburini sikuthubutu kushika udongo. Nilirudi jikoni kwenu, nikakaa na akina mama kuchambua mchele, nikichambua hata uliokwisha kuchambuliwa.

Juzi Mama Pendo akaniita, akanipa bahasha. Alisema uliiandika kitandani, ukamwambia iwe yangu. Ni barua kwa kamati tendaji, kwa mwandiko wako, ukiwaomba wanipe ukatibu. Umesema kazi naijua. Umesema mimi ni mwaminifu. Mwaminifu, Baba Pendo? Chini umesaini, na pembeni ya saini umeacha nafasi ya muhuri, kama ulivyonifundisha. Nililia mpaka Mama Pendo akanikumbatia, na yeye maskini hajui nililia nini.

Muhuri uko hapa mbele yangu. Nimeupulizia mara mbili, mkono umekataa.

Jumapili kuna mkutano mkuu wa wanachama. Kabla yake nitakwenda Ipagala nimwambie Mama Pendo, nimpigie magoti, hata akinifukuza. Kisha mkutanoni nitasimama niseme nani alichapa barua ya kukufukuza na kwa ahadi gani, na muhuri nitaukabidhi kwa wanachama wenyewe. Nakuahidi. Ile uliyoniandikia nitabaki nayo hivyo hivyo, karatasi tu.

Pumzika, baba yangu. Siku ile uliondoka sijakujibu. Nilikuwa sijala.

Mwanao wa ofisini,
Sechelela