Kichwa cha Adela hakina kovu

Jumapili, hapa Kasulo. Mvua imeanza tukiwa kanisani na mpaka sasa haijakatika. Maharage niliyoanika yamelowa yote kwa sababu hakuna aliyekuwa na akili ya kuyaanua. Nina hasira, nasema mapema.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha redioni akawashe redio.

Leo ndugu wamekuja kumwona Adela, mjukuu wangu wa miaka kumi, mtoto wa mwanangu Deo. Wiki iliyopita ndiyo tumerudi kutoka Dar. Nilikwenda naye mimi. Mama yake ana kichanga, na Deo akiingia hospitali anaitikia ndiyo ndiyo mpaka anatoka, hajauliza kitu.

Ugonjwa ulianza na kichwa. Kuuma mpaka analia na kutapika. Halafu kope la jicho moja likaanguka, kama mtu anayesinzia upande mmoja. Hospitali ya wilaya wakatutuma Mwanza, Mwanza wakampiga picha ya kichwa, wakatutuma Dar. Huko nikaonyeshwa kwenye kioo. Mshipa wa damu ndani ya kichwa umetoa kinundu, kama mpira wa baiskeli unavyovimba pale ulipochoka. Kikipasuka, mtoto anakufa au anabaki wa kulala tu. Daktari alisema hivyo hivyo, na nilimpenda kwa sababu hakunizungusha.

Alikuwa binti mdogo, akanipa shikamoo yangu vizuri. Nikamuuliza kichwa watakipasua lini.

"Hatupasui, bibi. Tunapitia kwenye paja."

"Kichwa kinauma, wewe unashika paja? Umesomea wapi?"

Akacheka, kisha akanieleza taratibu. Juu ya paja, kwenye kinena, kuna mshipa mkubwa. Wanatoboa tundu dogo, wanapitisha mrija mwembamba, unapanda tumboni, kifuani, shingoni, hadi kichwani, na muda wote wao wanautazama kwenye kioo. Ukifika kwenye kinundu wanakijaza kwa uzi laini wa madini, unajiviringisha humo ndani mpaka damu inakosa pa kuingia. Mdomoni mwa kinundu wanaweka kijineti ili uzi usitoke. Basi.

Nilikaa kwenye benchi na rozari yangu. Walipomtoa alikuwa na bandeji ndogo kwenye kinena, na mguu haruhusiwi kuukunja, kwa hiyo kazi yangu ikawa kushika goti. Alipozinduka vizuri akadai chakula. Nikashukuru kimoyomoyo, kwa nje nikamwambia asubiri kama watu wengine.

Wakatupa vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye kile kijineti. Asiruke kidonge hata siku moja. Asichanjwe chale, na hata jino likitaka kung'olewa tupige simu kwanza. Kope litachukua miezi kunyanyuka. Na lazima turudi apigwe picha nyingine.

Nilimweleza Deo na mke wake yote haya. Ndugu wengine sikuwaeleza. Nitasimamaje mbele ya wanaume wa ukoo nianze kutaja kinena cha mtoto wa kike? Nilisema ametibiwa, Mungu asifiwe, leteni vikombe.

Hapo ndipo palipoharibika.

Wageni wakaanza kumgeuza kichwa kama mbuzi wa mnadani. Wakafumua nywele, wakatafuta kovu. Hakuna. Shemeji yangu mmoja akasema, "Operesheni ya kichwa na nywele zote zipo? Mama Deo, nyie mlikwenda kutembea!" Wakacheka. Nikawaacha, nikarudi jikoni kugeuza ndizi.

Bernadeta hakucheka. Huyu ni wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, yaani shangazi yake Deo. Huku kwetu kichwa kikimshika mtu anaitwa Bernadeta kabla ya mwingine yeyote. Anachanja kidogo kwa wembe pembeni mwa kichwa, anabandika pembe ya ng'ombe, anavuta hewa kwa mdomo, pembe inanyonya damu. Kuumika. Ameumika nusu ya kata hii, na mgongo wangu mwenyewe aliutuliza yeye. Simdharau.

Jikoni nikasikia kimya. Watu wanaongoja chakula hawanyamazi namna ile.

Nilipoingia, Adela alikuwa amekaa mkekani, amenyolewa kidogo juu ya jicho lililolegea. Pembe ziko kwenye sahani. Deo amesimama mlangoni, anaangalia mvua kama ndiyo kwanza anaiona, na mke wake yuko chumbani na kichanga.

"Bernadeta! Weka wembe chini!"

"Nimechanja moja tu, wifi. Kope hulioni? Damu mbaya bado iko pale pale. Huko Dar hawakumgusa."

"Weka chini, nimesema."

"Mtoto ni wa ukoo wetu. Wewe ulikuja kuolewa."

"Nilipokuja kuolewa nilikukuta unakojoa kitandani, na mkeka wako naanika mimi!"

Watu wakacheka tena. Bernadeta akawa haangalii watu wala haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia ile chale.

Damu haikomi.

Chale yenyewe ndogo kama punje ya mtama. Kwa kawaida kabla hujatafuta kitambaa imeshakauka. Hii ilikuwa inashuka shavuni, ukifuta inashuka tena. Nikachukua kitambaa safi, nikabana. Deo nikamwambia aache mvua apige simu Dar. Nesi akasema bonyeza usiachie, usifunuefunue kuchungulia, isipokoma wahini hospitali, na kidonge cha jioni apewe kama kawaida.

Nikabonyeza. Ndizi zikaungua, watu wakasikia harufu, hakuna aliyethubutu kuniambia.

"Bibi, unaniumiza."

"Vumilia. Ukitaka kulia, lia, ila kichwa usikitikise."

Mwishowe ikakoma. Bernadeta alikuwa bado amepiga magoti pembeni. Yule ameona damu maisha yake yote, anajua ya mtoto inakauka upesi kiasi gani. Hakuhitaji kuambiwa na mimi. Akakusanya pembe zake ndani ya kanga, akatoka na mvua ile ile, hakuonja hata maji. Huku kwetu ndugu akitoka nyumbani kwako namna hiyo, neno hilo linakaa miaka.

Deo akaniambia, "Mama, niliogopa kumkatalia shangazi."

"Shangazi unamwogopa, kaburi huliogopi?"

Akatoka kwenda kuanua maharage yaliyolowa. Bora.

Sasa ni jioni. Adela amekula, kidonge amemeza mbele yangu. Kuanzia leo analala chumbani kwangu na vidonge vinakaa kwangu. Kichwa hakimuumi, nimemuuliza mpaka amechoka na mimi.

Nimekuwa nikimfikiria Bernadeta. Alikosea, na mkono wake hauna ubaya. Aliona kope limeanguka na kichwa kisicho na kovu, akafanya anachokijua. Mimi niliyejua nilifunga mdomo kwa sababu ya aibu ya paja. Mtoto hafi kwa aibu ya mtu mwingine, si nikiwa hai.

Kukicha nakwenda kwake. Radhi siombi, wala yeye asinitegemee kwa hilo. Nitakaa, nitakunywa uji wake, nitamweleza mrija unapita wapi, kinena nitakitaja kwa jina lake, ni mwanamke mwenzangu. Watakaosema Mama Deo kajishusha waseme tu, midomo ni yao.

Kwa sababu siwezi kumlinda huyu mtoto kila saa. Ipo siku nitakuwa shambani, kichwa kitamshika, na atakayeitwa kwanza ni Bernadeta. Siku hiyo nataka aje mikono mitupu, amchukue, ampeleke hospitali.